Mafia hadi Kilwa: Unalipia Kilomita Ngapi?

Ukinyoosha mstari kutoka uwanja wa ndege wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hadi ule wa Kilwa Masoko, unapata kama kilomita 112. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kumi na wawili hivi, hukimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Hapo ni dakika 22. Ongeza za kupaa na kutua, iwe nusu saa.

Wengi huishia kwenye namba hiyo, ndipo bei ya kukodi inapowashtua. Ndege yenyewe mara nyingi hutokea Dar es Salaam. Itaruka kilomita 126 kuja kukuchukua, 112 kukupeleka, kisha 227 kurudi kwake: jumla 465. Wewe umepanda robo tu ya safari hiyo, lakini bili inahesabu muda wote injini iliponguruma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza ndege inalala wapi. Kama tayari imeshusha wageni Mafia na ilikuwa irudi tupu, mnaweza kuelewana. Mkiwa kumi mkachangiana, inaingia akilini. Mkiwa watatu, kila mmoja analipia viti vinne.

Kuunganisha ndege kupitia Dar ni kilomita 353, zaidi ya mara tatu ya mstari ulionyooka. Nauli ni mbili, na ndege ya pili haikungoji. Ukiikosa, ongeza chumba na chakula cha usiku.

Halafu kuna mizigo. Ndege hizi ndogo kwa kawaida hukuruhusu kilo 15, tena kwenye begi laini. Nimewahi kusimama Kilindoni nyuma ya mama mwenye kikapu cha pweza mkavu. Mizani ilisoma 19. Alikifungua palepale, akatoa mafungu mawili, akampa mwanawe ayarudishe nyumbani. Zawadi za watu zikapungua kwa sababu ya kilo nne.

Kwenye kivuko asingepata taabu hiyo. MV Kilindoni huvuka hadi Nyamisati, upande wa bara, kwa saa nne hivi, kutegemea bahari. Kutoka hapo unatafuta gari hadi barabara kuu pale Bungu, unadaka basi la kusini, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha Nangurukuru unakata kushoto kuelekea Masoko. Nchi kavu peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, mlikuwa mnangoja pantoni Ndundu, na mvua ikikolea safari inalala hapo.

Upepo wa kusi nao uhesabuni. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiipiga ndege usoni, unaongeza dakika tatu na ushei tu. Chombo cha majini unaweza kukiharibia siku nzima.

Mimi nikiwa peke yangu, bila haraka, napita Nyamisati na kikapu changu kizima. Ila inaniuma. Mji wa kale wa Kisimani Mafia na Kilwa ilitembeleana kwa jahazi karne nyingi, moja kwa moja, na leo anayekwenda kumzika shangazi yake Masoko inambidi azunguke delta yote ya Rufiji. Akitoka Kilindoni alfajiri na basi likachelewa, huenda akafika Nangurukuru usiku, aanze kutafuta bodaboda.