Je, Wajua? Baridi Yabisi na Dawa za Jikoni

Je, wajua kwamba jina "baridi yabisi" lenyewe ni mabaki ya tiba ya kale? Ni Kiarabu: baridi, na kavu. Matabibu wa Kiyunani na Kiarabu waliamini mwili una majimaji manne, na ubaridi na ukavu vikizidi mtu huugua. Kwa fikra hiyo, dawa yake ni kitu cha moto, kama tangawizi.

Butimba, kando ya Ziwa Victoria, lawama huangukia upepo wa alfajiri. Mama mwanika dagaa anaamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hawezi kukamua nguo wala kufungua chupa ya chai mpaka jua lipande. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini ugonjwa hauletwi nayo. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoshambulia utando wa viungo.

Je, wajua kwamba manjano ukiyala peke yake, mwili hufyonza kidogo mno? Mwaka 1998 watafiti waliwapa watu kiini cha manjano pamoja na kile cha pilipili manga, na kilichoingia damuni kikaongezeka mara 20. Lakini pilipili manga hiyo hiyo huweza kupandisha na dawa za hospitali damuni. Ya kwenye pilau haina neno. Ninayoihofia ni ya vidonge na ya kuchota kwa kijiko.

Na je, waikumbuka klorokwini, ile chungu iliyotuwasha mwili mzima, ambayo Tanzania iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001? Nduguye, haidroksiklorokwini, anatibu baridi yabisi hadi leo. Mwenzake methotreksati humezwa mara moja tu kwa wiki, na damu hupimwa kuangalia ini. Ndiyo maana daktari anapaswa kujua kila mzizi unaochemshwa nyumbani. Tangawizi na manjano vinaweza kupunguza maumivu; kuzuia kiungo kisiliwe ni kazi ya dawa hizo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga na dawa zao wasajiliwe. Chupa isiyo na jina, inayonyoosha vidole kwa usiku mmoja, iogope: katika nchi mbalimbali wapimaji wamekuta deksamethasoni, dawa ya hospitali ya jamii ya steroidi, ndani ya "dawa za miti". Nayo ikitumiwa ovyo, uso hujaa, sukari hupanda, mifupa hudhoofika.

Je, wajua kwamba mafuta ya omega-3 ya samaki yamepunguza maumivu na ukakamavu wa asubuhi katika majaribio kwa wagonjwa wa baridi yabisi? Kipimo kilikuwa kikubwa kuliko cha sahani moja, lakini mafuta hayo yamo pia katika dagaa anaowaanika yule mama.