Tanzania: Jinsi zahanati zilivyopunguza antibiotiki kwa watoto

Mtoto mwenye homa anapofikishwa zahanati nchini Tanzania, mara nyingi huondoka na antibiotiki, awe anaihitaji au haihitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha zahanati na vituo vya afya 40 katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, ulibaini kuwa palipoendelea utaratibu wa kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa dawa hizo. Katika vituo 20 vilivyopewa mafunzo na nyenzo mpya, idadi ilikuwa 23 tu.

Ushahidi kwamba dawa hizi hutolewa kupita kiasi si mgeni. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza watoto 1,005 wenye homa jijini Dar es Salaam na Ifakara walieleza kuwa takriban 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na antibiotiki haiui virusi. Hata hivyo, matokeo kuchapishwa ni jambo moja, na kalamu ya tabibu kubadilika ni jambo jingine. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, dawa za malaria zilipungua, lakini antibiotiki zikaongezeka. Tabibu aliyepata jibu la "hakuna malaria" alibaki na homa isiyo na jina na foleni ndefu mlangoni. Mzazi naye, tuseme ukweli, huona mwanawe hajatibiwa akirudi nyumbani bila dawa.

Hatari yake ni usugu wa dawa. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoathirika zaidi.

Katika vituo hivyo 20, mwongozo wa matibabu haukuachwa kabatini. Uliwekwa ndani ya kishikwambi kinachomwongoza mtoa huduma hatua kwa hatua: muulize mama hili, hesabu pumzi, pima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Pale inapobidi, tone la damu hupimwa ili kujua kiwango cha protini ambayo hupanda sana mwili unapopambana na bakteria. Kishikwambi hupendekeza tiba, lakini uamuzi hubaki kwa tabibu. Walezi wa kitaalamu nao waliendelea kuwafuatilia watoa huduma baada ya mafunzo ya awali, na kwa maoni yetu hilo ndilo linalosahaulika upesi katika semina nyingi za siku mbili tatu.

Je, watoto walionyimwa antibiotiki walidhurika? Hilo ndilo swali la kila mzazi, na watafiti walilipima. Katika mahudhurio zaidi ya 44,000, idadi ya watoto ambao hawakuwa wamepata nafuu siku ya saba haikuwa kubwa kuliko ile ya vituo vya kawaida, wala hapakuwa na tofauti ya vifo.

Nchini Kenya, njia nyepesi zaidi ilijaribiwa katika vituo 107 vya vijijini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Kwa miezi sita wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha matibabu ya malaria kwa watoto. Ujumbe huo haukuwa na jipya, kwani yote yalikuwa tayari katika mwongozo wa taifa. Hata hivyo, matibabu sahihi yaliongezeka kwa takriban pointi 24 za asilimia, na ongezeko hilo lilikuwapo bado miezi sita baada ya ujumbe kusitishwa.

Linalosubiriwa sasa ni iwapo serikali zitaweza kuubeba mzigo huu wakati wafadhili hawapo. Vishikwambi huhitaji umeme na matengenezo, vipimo huisha, na waliofunzwa huhamishwa. Mradi huo wa Tanzania, ulioshirikisha Taasisi ya Afya ya Ifakara na watafiti wa Uswisi, uliendeshwa pia nchini Rwanda.

Kwa mzazi, kumuuliza tabibu kwa heshima "dawa hii ni ya nini?" si utovu wa adabu. Akiambiwa antibiotiki haihitajiki, aulize pia ni lini amrudishe mtoto. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, anayepumua kwa shida au aliyelegea asiyeamka vizuri arudishwe kituoni mara moja, hata kama ni usiku.