Studio za picha Masasi na Newala zichunge akiba yake

Minada ya korosho ya TANECU na MAMCU inapopamba moto kuanzia Oktoba, fedha huzunguka Newala na Masasi, nazo studio za picha huvuna harusi na sherehe za jando. Picha za misimu iliyopita ni mtaji pia: mteja akirudi kutaka nakala, gharama ni karatasi na wino tu.

Mtaji huo uko hatarini kwa studio inayotumia bado Picasa, programu ambayo Google iliacha kuihudumia mwaka 2016. Marekebisho ya rangi na ukataji hayaingii katika picha yenyewe mpaka yahifadhiwe. Hukaa katika faili lililofichwa ndani ya folda. Programu mpya kwa kawaida haisomi faili hilo, hivyo anayehamisha picha pekee huanza kazi upya.

Njia ya nafuu ni kuhifadhi marekebisho kwanza, kutoa kila albamu katika folda yenye jina la mteja na mwaka, kisha kunakili kwenye diski mbili. Kompyuta ya zamani isiuzwe kabla folda zote hazijafunguliwa na kukaguliwa kwenye mpya.