Sanaipei Tande: Jina alipewa na shindano, kazi akajitafutia

Uliza kijana wa miaka kumi na sita hapa Tawa Sanaipei Tande ni nani, atakujibu haraka: "Si ni yule Nana wa Kina?" Uliza dada yake mkubwa, ataanza kukuimbia Kwaheri, ile ngoma aliyoshirikiana na Jua Cali. Mama yao naye atakwambia alikuwa akimsikia kwa redio zamani, akiongea, na hajui kama huimba. Wote watatu wanamzungumzia mtu mmoja.

Nakuandikia habari zake kwa sababu najua kuna msomaji hapa Mbooni ambaye saa hii anajirekodi kwa simu nyuma ya nyumba, majogoo yakimharibia, akingoja siku ile shindano la vipaji litakapopita Ukambani na kumbeba hadi Nairobi. Labda ni wewe. Basi keti kidogo.

Sanaipei alizaliwa Mombasa mwaka wa 1985. Jina ni la Kimaasai, lakini Kiswahili chake ni cha Pwani kabisa, na hilo si jambo dogo. Alipoingia kwenye muziki, Nairobi ilikuwa imeshikwa na genge. Kila mtu alitaka kurap kwa Sheng, na aliyeimba Kiswahili kilichonyooka alionekana kama mwalimu wa zamu. Yeye hakujibadilisha. Alitamka maneno yake hadi mwisho, na mpaka leo ukimsikiliza unaelewa kila neno bila kuuliza jirani.

Mwaka wa 2004 kukaja shindano la Coca-Cola Popstars. Kama hukuwa umezaliwa, hivi ndivyo lilivyokuwa: waamuzi wanasikiliza vijana waliopanga foleni, wanachuja, wanachuja tena, halafu wale wachache wanaobaki wanaunganishwa kuwa kundi moja. Hata kama mlikutana pale kwenye foleni. Waliobaki walikuwa watatu: Sanaipei, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Kundi likaitwa Sema. Sanaipei alikuwa na miaka kumi na tisa. Wakarekodi albamu ya Mwewe, na nyimbo kama Leta Wimbo na Sakalakata zikachezwa sana.

Mwaka wa 2005, kundi likavunjika.

Udaku wa nani alimkosea nani siuwezi, na hata ningeuweza nisingeuleta hapa. Mimi naangalia jinsi kundi lenyewe lilivyoundwa. Sisi Wakamba tunajua bendi zinavyozaliwa. Watu wanaanza kwa gitaa moja la kuazima, wanapiga kwenye sherehe za majirani, wanagombana, wanarudiana, na wakifika studio wameshajua nani hulipa deni na nani hukimbia. Kundi la televisheni halipati muda huo. Linaanza na umaarufu, ndipo watu waanze kujuana. Mimi naona kudumu hata huo muda mfupi ilikuwa kazi kubwa.

Sasa jiweke pale. Una miaka ishirini, sura yako inajulikana nchi nzima, na huna kundi. Ukipanda matatu watu wanakutazama, na wewe unahesabu nauli. Wengi wanaoshinda mashindano haya huishia hapo hapo. Baada ya miaka mitatu unasikia mtu akiuliza, "Hivi yule alienda wapi?"

Sanaipei alienda redioni. Kiss 100 walimpa kipaza sauti akiwa bado na miaka ishirini, na huko akajifunza kitu ambacho foleni ya Popstars haifundishi: kuongea na watu kila siku, hata siku ambayo huna la kusema. Wakati huo huo akaendelea kutoa nyimbo zake mwenyewe, Najuta ikiwa mojawapo. Kolabo na Jua Cali ndiyo iliyomrudisha kwenye midomo ya watu. Na iangalie vizuri ile Kwaheri: mfalme wa genge upande mmoja na Sheng yake, huyu upande wa pili na Kiswahili cha Mombasa, na hakuna aliyelazimika kumuiga mwenzake.

Halafu kuna karaoke. Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo watu humdharau. Sanaipei ameendesha usiku wa karaoke kwenye kumbi za burudani, na kuna wanaosema, "Msanii mkubwa hivyo anashikia walevi maiki?" Wewe umewahi kuendesha karaoke? Anapanda jamaa mwenye chupa tatu kichwani, anaanza wimbo juu kuliko uwezo wake, na ni wewe unayemsaidia kuushusha bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Anayefuata anataka wimbo ule ule. Sauti yako inafanya kazi saa nne mfululizo, na usiku ukiisha umelipwa. Wimbo ukiwekwa mtandaoni hausaidii kodi ya mwezi huu. Malalamiko ya wasanii wa Kenya kuhusu mirabaha tumeyasikia hadi tumezoea. Mimi niliyetoka chuo karo ilipokatika na nikaanza kuandika ninapolipwa, hiyo karaoke naielewa sana.

Mwaka wa 2020 ndipo kizazi kipya kikamjua. Korona ilikuwa imefunga baa na kumbi, wasanii wengi hawakuwa na pa kusimama. Mwaka huo huo Maisha Magic Plus ikaanza kuonyesha Kina, na Sanaipei akatokea kama Nana Tandala. Haimbi pale. Ananyamaza, anakutazama, na unaogopa. Ile sauti ya redio aliyoizoea kuipandisha na kuishusha, sasa anaitumia kumtisha mtu kwa sentensi fupi.

Mwanamke kuishi kwa sauti na sura pamoja si jambo la jana. Kule Kolkata, India, kulikuwa na Kanan Devi, aliyezaliwa 1916 na kukulia kwenye umaskini. Aliingia filamu akiwa mtoto, wakati picha bado hazina sauti. Sauti ilipokuja akawa nyota wa filamu za Kibengali, akiigiza na kuimba nyimbo zake mwenyewe. Baadaye akaanzisha kampuni yake ya filamu, Shrimati Pictures, na mwaka wa 1976 akapewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo kubwa kabisa ya filamu nchini mwake. Mimi kinachonivutia ni hiyo kampuni. Kuigiza kwa mwingine ni mshahara. Filamu ikiwa yako, hata ukizeeka bado inakulipa. Natamani siku moja kuona mchezo wa televisheni ambao mwenyewe ni Sanaipei, na safari hii aimbe ndani yake.

Ukiwa na bando leo jioni, tafuta Leta Wimbo kwanza. Halafu Kwaheri. Halafu kipande chochote cha Kina ambacho Nana anamjibu mtu. Vifuate kwa mpangilio huo, na uweke sauti juu kidogo kama majogoo bado hayajalala.