Bogenvilia na Haidrenjia katika Udongo wa Eldoret

Eldoret, mji uliotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu kwa kimo cha mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu ya kimo hicho, ijapokuwa mstari wa Ikweta hauko mbali nao, usiku wake ni wa baridi, mchana wake ni wa wastani, na mvua zake huanza mwishoni mwa Machi zikaendelea, kwa kuzidi na kupungua, hadi Septemba, ndipo kinapofuata kiangazi cha Desemba, Januari na Februari. Mtu aliyejenga nyumba yake katika mitaa kama Kapsoya au Elgon View, akataka kuipamba kwa maua, aghalabu hukuta katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara mimea miwili inayoshindana kwa fahari, yaani bogenvilia, ambayo hupanda ukuta na kuufunika wote kwa rangi, na haidrenjia, ambayo hukaa chini kwa adabu na kuinua vichwa vyake vikubwa vya mviringo. Wengi huchagua kwa kuvutiwa na rangi waliyoiona siku ile kitaluni. Nami nasema kwamba kwa mmoja wa mimea hii rangi hiyo ni ahadi ya kuaminika, na kwa mwingine si ahadi hata kidogo, kwa kuwa hukumu yake imo katika udongo wa mnunuzi mwenyewe.

Yafaa kwanza kuitazama kwa karibu. Kishike kishada cha bogenvilia, nawe utaona kwamba yale mapana yenye rangi, membamba kama karatasi na yenye mishipa iliyo dhahiri, ni majani yaliyobadilika umbo, yamepangwa matatu matatu, na ndani yake yamesimama maua yenyewe, matatu pia, vineli vyembamba vyenye midomo myeupe ambavyo mpita njia havioni kabisa. Haidrenjia nayo ina siri ya namna hiyo hiyo: kichwa chake kimejaa sepali, vile vijani vya nje ambavyo katika maua mengine huwa vya kijani na kazi yake ni kulifunika tumba tu, lakini hapa vimepanuka na kupata rangi, ilhali ua lenyewe ni kitone kidogo kilicho katikati ya kila sepali nne au tano. Faida ya maumbile haya kwa mwenye bustani ni kudumu, maana petali za kawaida hupukutika kwa siku chache, na majani ya rangi na sepali hukaa kwa majuma mengi bila ya kupoteza haiba yake.

Mimea yote miwili ni migeni katika Afrika. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na aliyeikusanya na kuipeleka katika elimu ya Ulaya ni Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Louis-Antoine de Bougainville wa kuizunguka dunia, ambao ulitia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767. Naye alisaidiwa na Jeanne Baret, aliyejivika mavazi ya kiume kwa kuwa wanawake walikatazwa katika merikebu za ufalme wa Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Haidrenjia ya bustani ilitoka Japani, na Msweden Carl Peter Thunberg, aliyekaa huko mwaka 1775 na 1776, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1784. Wafaransa hata leo huiita hortensia, jina linalonasibishwa na Commerson yule yule, aliyefariki katika kisiwa cha Mauritius mwaka 1773.

Tuje sasa kwenye rangi, ambako ndiko kwenye kiini cha habari. Rangi ya bogenvilia hutokana na betalaini, jamii ya rangi zenye naitrojeni ndani yake, ambayo imepewa koo chache tu za mimea, kama vile bitiruti, mpungate na mchicha mwekundu. Mimea mingine iliyo mingi mno, kuanzia waridi hadi zambarau, hutumia anthosianini badala yake, na la kustaajabisha ni kwamba katika mimea ya asili wataalamu hawajapata kuuona hata mmoja uliochanganya jamii hizo mbili. Betalaini haiusikilizi udongo. Bogenvilia ya urujuani iliyotoka Malindi, ukiipanda Eldoret, itachanua urujuani. Jua kali litaikoleza na kivuli kitaififisha, lakini haitahamia rangi nyingine kwa sababu ya ardhi iliyosimama juu yake.

Haidrenjia ni kinyume cha hayo yote. Ndani ya seli za sepali zake mna anthosianini ya aina ya delfinidini, ambayo ikiwa peke yake huonekana nyekundu au ya waridi, bali ikikutana na alumini, pamoja na misombo mingine isiyo na rangi inayoisaidia, hushikamana nayo na kugeuka samawati. Alumini yenyewe imo karibu katika kila udongo, kwa kuwa ndiyo metali iliyo nyingi kupita zote katika ganda la dunia. Ila katika udongo usio na tindikali imefungwa ndani ya madini, mizizi isiweze kuinyonya, na kipimo cha tindikali, yaani pH, kikishuka chini ya 5.5 ndipo huyeyuka kwa wingi katika maji ya ardhini, nayo haidrenjia huipandisha hadi kichwani bila ya kudhurika.

Hapa ndipo ua hili linapoingia katika mambo ya riziki. Uasin Gishu, pamoja na jirani yake Trans Nzoia, ndiyo ghala la mahindi la Kenya, na udongo wake mwekundu, ambao mvua za dahari zimeuosha kalisi yake, na ambao kwa miaka mingi umetiwa mbolea ya DAP ambayo amonia yake huzidisha tindikali, uko katika sehemu nyingi chini ya kipimo hicho cha 5.5. Alumini ile ile inayolivika ua samawati ndiyo inayoziua ncha za mizizi ya mahindi, mizizi ikawa mifupi na minene, isiweze kuyafikia maji wala fosforasi, na mkulima akabaki kuitazama mimea iliyodumaa, yenye majani yaliyopakwa zambarau ukingoni, pasipo kujua adui yake ni nini. Watafiti wa Chepkoilel, mahali palipokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013, wameshughulika sana na jambo hili, wakichunguza mahindi yanayoistahimili alumini na manufaa ya kutia chokaa mashambani, na mimi sijui kazi ya elimu iliyo karibu zaidi na sahani ya Mkenya kuliko hiyo.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na aitafute haidrenjia iliyopandwa kwenye msingi wa nyumba: upande wa ukutani, ambako lipu na saruji huachia chokaa kidogo kidogo kila mvua inyeshapo, aweza kukuta vichwa vya waridi, na upande unaoelekea bustanini vichwa vya samawati, na baina yake vile vya urujuani visivyoelemea huku wala huku, vyote juu ya kichaka kimoja. Mwenye kupenda samawati huweza kuyeyusha shabu katika maji na kumwagia shinani, kwa kuwa shabu ni chumvi ya alumini; na mwenye kupenda waridi hutia chokaa au majivu ya kuni, na hata mbolea yenye fosfati humsaidia, maana fosfati huikamata alumini isipande. Mabadiliko hayaji kwa usiku mmoja, bali hungoja vichwa vya msimu unaofuata, na haidrenjia nyeupe haibadiliki kwa dawa yoyote.

Katika matunzo pia mimea hii haikubaliani. Bogenvilia huchanua kwa dhiki ya maji na kwa jua la saa sita au zaidi kwa siku, na kwa kuwa Eldoret urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, ukame ndio unaoiamsha. Wakati wa mvua za Julai na Agosti hujaza majani na miiba, kisha kiangazi kikiingia hulipuka kwa rangi. Huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo ipogolewe kwa ukarimu maua yanapokwisha, wala isinyweshwe kila siku kwa huruma isiyo na maarifa. Haidrenjia, kwa majani yake mapana, hupoteza maji upesi, ikainamisha vichwa adhuhuri na kuviinua jioni, nayo hutaka jua la asubuhi, kivuli cha alasiri na matandazo shinani. Matumba yake hufanyika katika hewa isiyozidi nyuzi 18 za Selsiasi hivi, na ndiyo sababu Mombasa haiwezi kuwa nayo kwa raha, ilhali usiku wa Eldoret huipa baridi hiyo bila ya gharama. Nayo huchanua kwenye matawi ya zamani: anayeikata yote ili ionekane nadhifu ameukata msimu mzima wa maua.

Mwenye ng'ombe au mbuzi uani aiweke haidrenjia mbali na midomo yao, kwa sababu majani yake yakitafunwa hutoa sianidi. Bogenvilia haina sumu ya namna hiyo, na miiba yake huifanya iwe uzio mzuri wa kuzuia wezi, ila mpogoaji asiende bila ya glavu.

Nikitakiwa kutoa hukumu, bogenvilia nitaipa ukuta unaopigwa na jua la magharibi, lakini kwa mwenye nafasi ya mmea mmoja tu, Eldoret ni nchi ya haidrenjia, kwa baridi yake, kwa mvua zake na kwa udongo wake. Nawe mkulima ambaye haidrenjia ya mlangoni pako, usiyoitia shabu kamwe, imechanua samawati iliyokolea, chukua udongo wa shamba lako, si wa bustani pekee, ukaupime maabara mapema, miezi kadhaa kabla ya mvua za Machi, na uulize kiasi cha chokaa kinachohitajika kabla hujatoa fedha ya mbolea.