Diski Ikishindwa, Mfumo Uambiwe Nini?

Sekta moja ya diski ikigoma kusomeka, kila aina ya diski hulitangaza kosa hilo kivyake. Ya SATA huwasha biti katika rejista yake ya makosa, ya SCSI hurudisha namba 3, na ya NVMe ina orodha nyingine kabisa. Programu za viendeshi ndizo zenye kazi ya kuyageuza yote hayo yawe lugha moja ambayo mfumo wa mafaili utaielewa. Kwa miaka mingi lugha hiyo katika Linux ilikuwa finyu: mara nyingi kilichofika juu ni EIO, namba 5, isiyosema zaidi ya kwamba kusoma au kuandika kumeshindikana. Lakini kebo iliyokatika na sekta iliyokufa hazina dawa moja. Kebo ikikatika, ombi lipelekwe kwa njia nyingine inayofika kwenye diski ileile. Sekta ikifa, njia zote zitakutana na uharibifu uleule. Heri kusoma nakala iliyo kwenye diski nyingine.

Ndiyo maana naunga mkono mabadiliko yaliyoletwa na Christoph Hellwig katika Linux 4.13, mwaka 2017. Tabaka linalohudumia diski lilipewa misimbo yake lenyewe: wa njia, wa sekta mbovu, wa muda kwisha, wa nafasi kujaa na mingineyo. Wapo watakaosema orodha fupi kama hiyo inafuta undani. Ni kweli inaufupisha, ila undani wa kila kifaa unaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kerneli, asome fundi. Msimbo kazi yake ni kuiwezesha programu kuamua papo hapo. Pingamizi lenye uzito zaidi linatokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wa mwaka 2008: kati ya miito 9,022 iliyopitisha misimbo ya makosa ndani ya Linux, 1,153 haikuuhifadhi ipasavyo msimbo iliyopokea. Msimbo uliotupwa njiani haumsaidii mtu, hata ungesanifiwa vipi. Hata hivyo, ule unaofika ukiwa EIO tupu nao umekwisha kupoteza habari tangu chini kabisa, na hakuna tabaka la juu linaloweza kuirudisha. Kwa hiyo, mwandishi wa kiendeshi, kifaa kikikutajia sababu, ipitishe.