Mpingo: Mti Mgumu Utakao Fundi Mwenye Subira

Kitu cheusi sana husemwa kuwa ni cheusi kama mpingo. Lakini weusi huo haumo katika mti mzima. Gogo likikatwa, chini ya ganda huonekana tabaka jembamba jeupe, na ndani yake ndipo kilipo kiini cheusi wakitafutacho mafundi.

Mpingo ni mzito kuliko maji. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, bali ile ya kiini cha mpingo hupita kilo 1,200. Kwa hiyo kipande chake huzama. Una mafuta yake wenyewe, haunywi maji upesi, wala mchwa hawaupendi. Kwa sababu hizo mafundi wa Ulaya huutumia kutengeneza ala za muziki zipulizwazo, kama klarineti na oboi. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huchonga sanamu zao kwa mti huo, na mafundi wengine hutengeneza bakora na vitana.

Fundi ayakumbuke mambo haya. Kwanza, mpingo usianikwe juani, maana hupasuka. Miisho ya gogo ipakwe nta, kisha likauke polepole kivulini penye hewa. Pili, ugumu wake humaliza makali ya vyombo. Basi patasi na misumeno inolewe mara kwa mara. Tatu, msumari usipigwe bila ya kutoboa tundu kwa keekee. Nne, kabla ya kutia gundi, mafuta yafutwe kwa spiriti. Tano, vumbi lake huwasha ngozi na kuudhi kifua. Yafaa kufunika pua na mdomo. Kazi ikiisha kupigwa msasa laini na kusuguliwa kwa kitambaa, hung'aa bila ya vanishi.

Mnunuzi naye ajihadhari. Wako wauzaji wapakao mti mweupe rangi ya viatu na kuuita mpingo. Akwangue kidogo chini ya sanamu kwa kisu: weusi wa rangi hutoka mara moja, weusi wa kiini hauishi.

Mpingo hukua polepole mno. Huchukua yapata miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kukatwa. Tena sehemu kubwa ya gogo hupotea, kwa kuwa ala ya muziki haitaki ufa wala fundo. Tangu mwaka 2017 mbao zake haziuzwi nchi za nje bila ya kibali chini ya mkataba wa CITES. Huko Kilwa, vijiji vyenye misitu yao vimejifunza kuhesabu mipingo na kukata kwa kiasi, na fedha ziingiazo ni mali ya kijiji.

Basi vipande vidogo visitupwe motoni. Vyafaa kwa vipini vya visu, vifungo na kalamu, na kila kipande kitumikacho huuacha mti mmoja msituni usimame zaidi.